Mabuti ya Somoe

Jumanne, 16 Aprili 1974
Foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Sukari hakuna. Nimepata mabuti ya mpira, meusi, pea ya mwisho. Ya Somoe. Masika yamekaza na bonde la kwenda shule limejaa matope na vigae vya chupa. Sasa hatapita kule pekupeku.
Dada yake, Zena, alipita pekupeku. Mwaka wa pili sasa tangu tulipomzika.

Jumatano, 17 Aprili
Somoe kaenda shule na mabuti. Anatembea kama bata. Nimecheka peke yangu uani.
Aliporudi akavua mabuti, akapita ndani. Sakafuni nyayo za maji. Za mguu wa kushoto tu. Zena alikatwa na chupa mguu huo huo. Nimezifuta haraka kwa kanga yangu.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimelijaza buti la kushoto maji, kama ninavyopima mtungi mpya. Linatoa jasho pale soli inapoungana. Mpya kabisa, linavuja!
Nimelirudisha. Muuzaji kasema, "Mama, kikishatoka dukani ni chako. Kwani mtoto anakwenda kuoga humo?" Watu wa foleni wamecheka. Nimeona aibu, nikaondoka.
Baba Somoe kabandika kiraka cha mpira wa baiskeli.

Ijumaa, 19 Aprili
Nyayo hakuna. Somoe kasema, "Yako sawa, mama." Mabuti makavu ndani, makavu na nje. Na mvua imenyesha kutwa. Sikuuliza zaidi. Nilitaka yawe sawa.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimemfuata. Nyuma ya mikorosho kavua mabuti, kayaweka kichwani, kaingia bondeni miguu mitupu. Nikamwita kwa kelele. Akashtuka, akaruka pembeni. Chupa. Mguu wa kushoto.
"La kushoto bado linajaa maji, mama, linaniangusha. Ulivyofurahi, nikaona nisikwambie."
Nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Kachomwa sindano. Zena nilimmiminia mafuta ya taa kwenye kidonda, nikamfunga kitambaa, nikasema kadogo tu haka. Mganga kasema nimefanya vizuri kumleta leo leo.
Mie ndiye niliyemwita. Angepita salama.

Alhamisi, 25 Aprili
Zena taya lilikaza siku ya tisa. Pepopunda. Kijiko hakikupita.
Kila asubuhi namwambia Somoe afungue mdomo. Leo kasema, "Mama, kwani mie mbuzi wa mnadani?" Baba yake kacheka mpaka kakohoa. Mie nimeshindwa.
Buti liko mlangoni. Nimelimwaga, nimelipindua juu chini. Bado nasikia tone.

Jumapili, 28 Aprili
Siku ya saba. Somoe kaacha uji. Kasema taya linauma.
Nimemshika mdomo kwa vidole vyangu, nikaufungua kwa nguvu mpaka akalia. Ni jino. Jino bovu la nyuma. Nimemwomba radhi.

Jumanne, 30 Aprili
Siku ya tisa ndiyo leo. Sijapika. Nimekaa naye tu mkekani tangu asubuhi. Kila anaponyamaza namsemesha. Mchana nimemwita kwa jina la Zena. Kaitika.

Jumatano, 1 Mei
Mvua imepumzika. Mabuti nimeyatoa uani. Kidonda kikipona nitamvusha bonde mgongoni, kwenda na kurudi. Kasema wenzake watamcheka. Wacheke.
Asubuhi kaamka, kakaa kitandani, kapiga mwayo. Mrefu, mdomo wazi, mpaka jino bovu nimeliona. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nimeungoja uishe wote, ndipo nikaendelea kufagia.