Viatu Vilivyobaki Mlangoni

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mtoto je, ameanza kutambaa? Mimi mzima, isipokuwa goti hili lisilo na adabu.

Makarani wa sensa walipita jana. Unajua mambo yalivyo: jimbo letu likikutwa na watu chini ya laki mbili, baraza letu linafungwa na tunamezwa na majirani, ambao hata mkoloni wao hakuwa wetu. Fundi cherehani wa hapo chini alipita kila nyumba akituambia tusisahau mtu. Basi sikukusahau. Nilipoulizwa nani anaishi hapa, nikasema mimi na mwanangu. "Yuko wapi?" Katoka kidogo. Karani akatazama viatu vyako vyeusi mlangoni, akaandika.

Sikudanganya sana. Umetoka, miaka sita tu.

Mama yako

19 Machi

Mama mpenzi, shikamoo.

Pole na goti. Mtoto hatambai, anajiburuta kwa makalio na anafika. Mke wangu anakusalimu.

Mama, umeniua. Nakala za fomu za majimbo yote zinakuja hapa makao makuu ya shirikisho, na meza yangu ndiyo inayotafuta waliohesabiwa mara mbili. Siku ileile mimi niliandikwa hapa pamoja na mke na mtoto. Jina langu, la baba na tarehe yangu ya kuzaliwa sasa viko kwenye fomu mbili. Anayetoa maelezo ya uongo anafungwa miezi sita, na aliyetoa ni wewe.

Ofisini wananiita Nyongeza, kwa kuwa jimbo letu liliungana mwisho. Mkuu wangu anasema watu wetu wanajiongezea idadi, na akisema hivyo ananitazama mimi. Nakupigia magoti: nenda ofisi ya sensa kabla ya tarehe kumi Aprili, useme ulikosea, wanifute. Ukienda mwenyewe hawakushtaki.

Mwanao

28 Machi

Bwana Mhakiki,

Salamu zako zimefika, na amri zako pia.

Siendi. Baba yako alisimama foleni kutwa nzima juani kupiga kura ya kuungana. Tuliahidiwa kwamba tutaingia na mlango wetu wenyewe. Sasa mlango unazibwa, na wewe mwanangu umekaa huko unawapa matofali. Wanakuita Nyongeza, nawe unaitika! Nimeumia, sikufichi.

Nijibu jambo moja tu: wewe ni wa wapi? Ukisema ni wa huko, nitakwenda nikufute kwa mkono wangu.

Mama yako, kama bado

9 Aprili

Mama, shikamoo.

Natumai goti limepoa. Barua yako imekaa mfukoni mwangu tangu Jumatatu.

Leo wenzangu walipokwenda kula, nilitoa kabatini fomu ya nyumba yangu, nikalikata jina langu kwa wino mwekundu. Pembeni nikaandika: alikuwa kwa mama yake. Jioni nilipomwambia mke wangu, aliacha kukunja nguo. "Na sisi ni wa wapi?" akauliza.

Jibu lako ndilo hilo. Usiende ofisini tena. Chonde mama, usiende.

Mwanao

30 Aprili

Mama, shikamoo.

Huku afya si mbaya.

Mkuu aliuona wino mwekundu. Nikamwambia kwamba siku ya sensa nilikuwa kwako, aagize fomu yako halisi kutoka jimboni aone. Imefika leo. Jina langu limekatwa, na chini yake kuna maneno yako na sahihi yako ya tarehe tisa Aprili: "Mwanangu haishi hapa. Ni wa huko." Alinisomea mbele ya wote, mara mbili, wakacheka. Nimesimamishwa kazi.

Kwa nini, mama? Nilikuwa nimeshakuja.

Nyongeza

12 Mei

Mwanangu,

Nashindwa hata kukuuliza hali. Usijiite hivyo tena, angalau kwangu.

Nilikwenda kwa sababu polisi walimchukua fundi cherehani. Aliwaandika wanawe wanne walio mbali. Nikaogopa, na wala si kwa ajili yangu. Mtoto wako ndiyo kwanza anajiburuta. Ungefukuzwa kazi kwa sababu yangu, angekula nini? Nikapanda ngazi za ofisi na goti hili, nikasema wewe ni wa huko, ili wakuache kwa amani. Barua yako ya kunikataza ilifika siku nne baadaye. Nilikaa nayo sakafuni, nikalia.

Jana redio ilitangaza. Tumepungukiwa na watu elfu kumi na moja. Hata ningekuandika mara mia, baraza lingefungwa tu. Shirikisho zima limehesabiwa, mwanangu, na wewe humo. Kwako wamekukuta umefutwa, na kwangu umefutwa. Nisamehe.

Njooni wote watatu. Chumba chako kipo, na mkeo mwambie swali lake nimelisikia. Tutalijibu tukiwa tumekaa pamoja.

Nilipokiri habari ya viatu, karani wa ofisini aliniambia nikifika nyumbani nivitoe mlangoni, nisije nikamdanganya mtu mwingine. Sikuvitoa. Nimevipaka rangi.

Mama yako