Basi la Shule Linakuja Kwako Jumamosi

Pioneer, Eldoret
Jumanne

Kwa kaka yangu mkubwa Murunga,

Pokea salamu zangu, za Linah mke wangu na za watoto, ambao wamekua hadi viatu vyangu vinapotea asubuhi. Hali yako je? Mgongo umepoa? Natumaini mahindi yamekauka vizuri na mvua hii ya uongo haijakugusa. Sisi huku tu wazima. Mimi hasa ni mzima kupita kiasi, tumbo limeanza kutangulia mbele kama la diwani.

Utashangaa kuona barua wakati watu wote wana simu. Mkubwa, wewe ndiye umenirudisha kwenye kalamu. Ulifungia namba yangu, nikatumia ya Linah, ukaifungia pia. Nikaazima ya kinyozi, na ukisikia tu sauti yangu unakata. Kwa hivyo nampa barua hii Rael wa vitunguu, ambaye hushuka Turbo kila siku ya soko. Nimemwambia asikupe ukiwa umesimama.

Habari za kazi ni nzuri. Bado mimi ndiye dereva wa basi la shule ya wasichana, na sitaki kujisifu, lakini nikipita hapa Pioneer na lile basi la manjano, vijana wa boda boda wananipisha wenyewe. Nimeendesha lori mpaka Kampala, nimeshusha mzigo Mombasa nikala samaki mwenye jicho lake, na bado nakuambia hakuna mzigo mgumu kama wasichana hamsini wanaoimba. Mimi niliyeachia masomo kidato cha pili, leo nabeba madaktari na mawakili wa kesho, na wote wako nyuma yangu! Juzi niliwapeleka mashindano ya voliboli. Wakapigwa vibaya na wasichana warefu kama nguzo za stima, wakalia njia nzima, nikasimama barabarani nikawanunulia mahindi ya kuchoma kwa pesa ya mfuko wangu. Sasa wananiita Kapteni.

Chakula nacho kimebadilika. Maharagwe siku hizi yanachambuliwa kabla ya kupikwa, na mdudu ukimwona kwenye githeri ujue amepotea njia. Walimu wanasema ni usimamizi bora. Mimi nasema ni mtoto wako.

Ndiyo, nimefika kwa Nanzala. Ulidhani nimekuandikia habari za githeri?

Sikatai kwamba aliongoza ule mgomo wa chakula wa mwezi wa saba. Mimi si wakili wake. Alipanda juu ya meza ya bwalo, akageuza sahani yake juu chini, na wasichana mia sita wakageuza zao. Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna godoro lililochomwa, lakini alikosa, na shule ilikuwa na haki ya kumtuma nyumbani aje na mzazi. Ulikuja. Mwezi wa nane, ukiwa na lile koti lako la kanisani na gamubuti. Mimi nilikuwa mlangoni, kwa sababu dereva huitwa kila mahali panapohitajika mtu wa kubeba viti.

Ulisema nini mbele ya bodi? Ulisema kuanzia siku hiyo huna mtoto katika shule hiyo wala shule nyingine, na kwamba wasikupigie simu tena hata akifa. Mtoto akapiga magoti akashika gamubuti yako. Ukavuta mguu kama mtu aliyekanyaga kinyesi, ukatoka, ukapita mbele yangu bila kuniona. Madam Jepchumba, mwalimu mkuu, ambaye alikuwa ameita bodi ili amchape viboko vya maneno na kumrudisha darasani, akaliweka faili chini. Adhabu yote akaisahau. Alimpa Nanzala maji ya kunywa, akamrudisha darasani.

Mkubwa, mimi nilifukuzwa shule kwa kumfungia mwalimu wa zamu chooni mpaka jioni. Unakumbuka baba yetu alivyofanya? Alitembea kwa miguu mpaka shuleni, akanichapa mbele ya ofisi hadi mwalimu mkuu akaanza kumwomba aniachilie. Halafu akawaambia walimu wote kwamba huyu ni mjinga, lakini ni mjinga wake, na akanishika mkono tukaenda nyumbani. Nilitembea nikiwa na maumivu ya matako yote mawili na sikuwa na aibu hata kidogo. Wewe ulimaliza shule, mimi sikumaliza, lakini hilo somo nadhani siku ile wewe hukuwa darasani.

Sasa nikupe habari ya Ijumaa iliyopita, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa siku ya maombi ya watahiniwa. Unajua mtihani wa kuandika unaanza Jumatatu ijayo. Wazazi wanaalikwa, mahema yanapigwa uwanjani, na kila msichana wa kidato cha nne anapewa kiti chake na kiti cha mzazi wake kando. Mchungaji akishahubiri, msichana anapiga magoti na kalamu zake mkononi, anamwambia mzazi makosa yake yote na kuomba msamaha. Mzazi anaweka mkono kichwani pake, anamwambia nimekusamehe, nenda ukaandike. Wasichana wale wanaweza kucheka hesabu na kucheka walimu, lakini hilo jambo hawachezi nalo. Wanaamini mtu akiingia kwenye mtihani bila huo mkono, akili inajifunga kama mlango wa benki saa kumi.

Ndiyo maana nilikuwa nakupigia na simu ya kinyozi. Siku ile moja ulipojibu, ulisema Ijumaa mashine ya kupukuchua mahindi inakuja na huwezi kuiacha na vibarua. Ukakata. Na mimi, mdomo huu unaujua, nikamwendea Nanzala nikamwambia baba yako amesema atakuja. Nikaongeza kwamba umeshapiga koti pasi.

Aliamini. Akafua sare, akasuka nywele, akaweka sweta yake juu ya kiti chako ili mtu asikichukue. Saa tatu akaniuliza uko wapi, nikamwambia umefika Maili Nne. Baadaye akaniuliza tena, nikamwambia boda boda yako imepata pancha. Mkubwa, asubuhi ile mimi nilikusafirisha sana. Nilikupitisha Maili Nne, nikakupasulia gurudumu, nikalitengeneza, nikakufikisha mjini, nikakununulia hata soda. Kila mara anageuza shingo kuangalia geti.

Mama ya rafiki yake Chepngetich, mkulima wa Cheptiret, mwanamke mwenye mikono kama jembe na roho kama uji wa moto, alimwambia ana mikono miwili na wasichana wawili hawamshindi. Nanzala akamshukuru akakataa. Mimi nikaja na suti yangu ya harusi, ile inayonibana, nikataka kukaa. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba baba mdogo, hicho kiti kina mwenyewe.

Na alikuwa sawa. Kwetu unajua sheria ilivyo, wewe ndiye ulinikanya nayo siku ya kumtahiri mtoto wa dada yetu: mkono wa baba hauazimwi. Baba akiwa anapumua, ndugu yake hawezi kumwekea mtoto mkono kichwani, hata baba awe mlevi, hata awe jela. Akifa tu, ndugu anasimama mahali pake. Nanzala anajua hayo. Umemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, mtoto akiwa darasa la tano, na kila kitu cha nyumbani umemfundisha wewe.

Basi mchungaji, mgeni kutoka mjini, mtu mwenye nia njema na miwani mikubwa, akasema kabla ya wazazi kubariki, kwanza wasichana yatima waje mbele, walimu watakuwa wazazi wao leo. Wakatoka kama tisa hivi. Kila mmoja anapewa maikrofoni, anataja jina la mzazi aliyelala, na uwanja mzima unasema amina.

Nanzala akasimama. Akachukua sweta yake kutoka kwenye kiti chako, akaivaa, akaenda mbele.

Mimi sikushtuka. Nilidhani anaenda kwa sababu ya mama yake, na kwa kweli alimtaja mama yake, watu wakasema amina. Mchungaji akamshika bega akamuuliza kwa upole, je, baba ndiye amekuleta leo? Nanzala akasema hapana. Akasema baba pia alishakufa. Akataja jina lako lote, na la babu yake, na Turbo.

Na watu wakasema amina, Murunga. Uwanja mzima. Mchungaji akafunga macho akakuombea upumzike kwa amani mahali pasipo na jua kali wala vumbi. Wewe wakati huo ulikuwa umesimama kwenye jua kali, ndani ya vumbi la mashine.

Madam Jepchumba alikukumbuka. Akageuka akanitafuta kwenye hema, akaniita kwa maikrofoni, akaniuliza mbele ya watu wote kama ni kweli, na kama ni kweli, mbona mfanyakazi wa shule amefiwa na kakake na hakuna aliyeambiwa. Nanzala hakuniangalia. Aliangalia kalamu zake.

Nilikuwa na njia mbili tu. Niseme kaka yangu yuko hai, anapukuchua mahindi, na mtoto huyu ni mwongo, ambaye tayari alikuwa na doa la mgomo. Au niseme lile nililosema.

Nilisema ndiyo. Nilisema umekufa mwezi wa nane, ghafla, na tulikuzika kimya kimya kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Nililia pia, na nisikudanganye, hayo machozi sikuyanunua. Mchungaji akasema basi, kama baba hayupo, baba mdogo ndiye baba, aje mbele. Nikaenda. Mtoto akapiga magoti. Akaniambia, lakini alikuwa anakuambia wewe, kwamba anaomba msamaha kwa ile sahani, na kwa kukuaibisha mbele ya watu wa kanisa, na kwamba alishika gamubuti yako si kwa sababu aliogopa kufukuzwa shule. Nikaweka mkono wangu mahali pa mkono wako. Nikamwambia nimekusamehe, nenda ukaandike. Sauti ilitoka kama yako; Linah anasema tunafanana tukilia.

Jioni, wakati nafagia basi, alikuja akakaa kiti cha mbele. Nikataka kumgombeza, nikaendelea kufagia. Akaniambia nisimuulize kitu. Akasema yatima hakuna anayemuuliza baba yako yuko wapi, na yeye amechoka kuulizwa.

Sasa sikia yaliyokuja baadaye, kwa sababu hii shule ina watu wenye huruma, na huruma ikipata gari haisimami. Madam ametangaza kwamba hatuwezi kumwacha msichana aingie kwenye mtihani na msiba ambao hakuna aliyempa pole. Wamechanga sukari, unga na blanketi. Jumamosi hii wanakuja Turbo: Madam, mchungaji, mama ya Chepngetich, na darasa zima. Wataimba. Nanzala ataketi mbele karibu na mimi. Alinisihi niseme basi limeharibika. Na unajua mimi nikitaka basi liharibike, hata fundi wa serikali hawezi kuliamsha. Lakini nimekataa. Nimemwambia tutakwenda, kwa sababu nina hamu ya kuona utavaa nini.

Nakupa nafasi, ndugu yangu, na sitaitoa mara mbili. Njoo Ijumaa, kabla ya hilo basi. Njoo na gamubuti zako hivyo hivyo, uingie ofisini kwa Madam, umwambie Mulongo mdogo wangu ni mwongo tangu utotoni, ndiye aliyesema nimekufa na ndiye aliyemfundisha mtoto kusema. Mimi nitakubali yote. Wakinifukuza, malori bado yapo na Kampala bado iko mahali pake. Kisha uitiwe Nanzala, umwekee mkono wako mwenyewe, kwa sababu huu wangu niliuiba, na sijui kama mkono wa wizi unashika mpaka Jumatatu.

Usipokuja, mimi sina la kufanya. Jumamosi nitakata kona ya kinu chako cha unga, nitaegesha mbele ya nyumba, na nitawapeleka wageni nyuma ya zizi, pale tulipomfukia yule ng'ombe aliyekufa kwa homa. Nitawaambia ni hapo. Watasimama, wataimba, mtoto wako ataweka maua. Kama utakuwa umejificha ghalani, nakuomba kitu kimoja tu kama ndugu wa tumbo moja: usikohoe.

Linah anakusalimu, ingawa tangu Ijumaa hajui akutaje kwa neno gani. Nawe wasalimie majirani huko, hasa wakati huu ambapo bado wanakuona. Mungu akuweke, kama bado uko kwake upande huu.

Ni mimi mdogo wako,
Vincent Mulongo,
dereva