Hotuba ya Daphine Kaburini

Masafu, Busia, Uganda
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Maloba,

Hujambo huko Doha? Joto halijakumaliza? Sisi wazima, ila goti langu bado lanisumbua. Mihogo imestawi, na kaburi la mama tumeshalisakafia.

Ujumbe wako nimeupata. Ati video ya mazishi imekuliza, ati Kiingereza cha Daphine ni cha redioni. Loo, Maloba! Umelilia simu. Mwanao hakuandika hata neno moja pale.

Yule mwalimu wao wa Kiingereza, Levis, ndiye aliyefanya kazi hiyo. Siku hizi hafundishi kuandika, anafundisha kubonyeza. Insha zinatungwa na AI, ile akili bandia ya simuni, zinasahihishwa na AI hiyo hiyo, na bwana mkubwa anakunywa chai. Daphine alimpelekea hotuba yake aipitie tu. Akasema hicho ni Kiingereza cha shambani, akaitia kwenye simu, ikatoka imevaa suti.

Basi tukasomewa kwamba marehemu alipenda maua na kusafiri. Mama yetu! Aliyeng'oa kila mmea usiolika, na safari yake ndefu ilikuwa Tororo, kutibiwa jino. Watu wakapiga makofi, maana Kiingereza kikubwa hakiulizwi swali. Ni jirani yetu Mama Robinah peke yake aliyeninong'oneza, "Kwani leo tunamzika nani?" Niliona haya mpaka nikainama.

Levis simjali. Mjinga akishika simu ni mjinga mwenye simu, basi. Mtoto ndiye ninayemhofia. Tangu siku ile hashiki kalamu. Nilimwambia akuandikie barua, akaniomba simu. Akasema, "Shangazi, maandishi yangu ni mabaya, mwalimu alishasema." Darasa la saba hilo, Maloba, na mtihani haufanywi na simu.

Mkeo Resty anakusalimu sana, pamoja na kaka Osborn na watoto wake wote.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ule ukurasa wake mwenyewe. Niliuokoa jikoni, alitaka kuwashia moto. Kiingereza chake kimepinda, lakini soma pale mwisho. Anasema Kukhu, bibi yake, alikuwekea wewe baba yake sahani yako kila jioni kwa miaka sita hii uliyo huko, na sasa anaiweka yeye.

Hayo ndiyo aliyoyafuta Levis. Usinijibu mimi. Mjibu mwanao, kwa mkono wako.

Mungu aliyemtunza mama akutunze na wewe.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Nasirumbi