Tao la Matawi Langoni kwa Mama

Mama Kahindo, mke wangu,

Mko aje huko Beni? Kahindo amepona ile malaria? Na mgongo wako, unakuacha ulale? Mimi ni mzima, ila nimechoka, sitakuficha. Siku hizi hata usingizi hauniondolei uchovu.

Dereva alinifikishia ujumbe wako, kwamba nishuke na matawi ya misonobari tupambe lango siku ya komunyo ya kwanza ya Kahindo, kama desturi ya huku milimani. Mke wangu, matawi sileti. Usikasirike kabla hujasoma.

Kazi yetu hapa Kipese ni kuuchelewesha huu ugonjwa wa kuvu, maana kuumaliza hatuwezi. Majani ya msonobari yanapata mistari myekundu, yanakauka kuanzia chini, yanapukutika. Basi tunakata matawi ya chini ili hewa ipite, miti iliyozidiwa tunaiangusha, na kabla ya kutoka msituni tunaosha panga na buti kwa sabuni na javel, ile dawa ya kuua vijidudu. Watu wanatucheka, eti tumerudisha Ebola.

Kilima cha mama yangu kilikuwa bado kizima. Unajua ile misonobari aliyoacha marehemu Baba ndiyo mbao za nyumba yetu, siku tutakapoacha kupanga nyumba huko mtaani Ruwenzori. Niliilinda kama mboni ya jicho. Jumapili moja, miezi imepita sasa, nilienda kumtembelea Mama, buti safi kabisa. Nikakuta langoni tao la matawi, limefungwa na maua. Nikayatazama majani: mistari myekundu.

"Mama, haya matawi yametoka wapi?"

"Kule ku kazi yako, mutoto wangu. Batoto ba jirani ndio balinikatia. Nilisema ukiona miti yako, utajua nakupokea muzuri."

Tao lilikuwa limenyeshewa karibu juma zima, pembeni mwa miti yetu, na mvua ndiyo inayosambaza kuvu. Nililibomoa, nikalichoma mbele yake.

"Donc, basi, mapokezi yangu ni takataka?" Mama akauliza.

Sasa misonobari ya karibu na lango imeugua. Juzi tumeiangusha, bado myembamba, haifai kwa mbao. Iliyobaki tumeipunguza matawi. Kama itapona sijui, na moyo unaniuma sana.

Jana nilirudi kwa Mama. Langoni kulikuwa na kiti na beseni la maji ya javel. Akanikalisha, akapiga magoti, akaanza kuosha buti zangu kwa mikono yake.

"Mama, acha, nitaosha mwenyewe."

"Hapana. Nyamaza. Sasa ni hivi niko nakupokea."

Nililia, mke wangu.

Kwa hiyo pambeni kwa matawi ya michikichi ya hapo Beni. Nisalimie mama mkwe, na shemeji wa pikipiki, mwambie apunguze mwendo. Kahindo mwambie baba yake atakuja mikono mitupu, lakini atakuja.

Na wewe ukiniona, usinikimbilie kunikumbatia. Weka beseni langoni kwanza.

Mume wako,
Kambale