Dawa Isiyowasha

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono, maana tangu Jumanne sipati usingizi. Mimi nasafisha vifaa kwenye kliniki ya meno, vya chuma naviweka kwenye mashine ya mvuke, na vya plastiki ambavyo mvuke ungeviharibu naviloweka kwenye dawa kali ya kuua vijidudu, dawa ambayo kwa miezi miwili sasa inaletwa na mchumba wangu, na ni mimi niliyempeleka kwa daktari nikasema huyu ni mtu wangu, mwamini. Basi Jumanne glovu ikachanika, nina kidonda kidoleni, dawa ikaingia, nikakunja uso kungoja moto, wapi! Ikawa kama nanawa bombani. Nikatafuta vile vikaratasi vya kupimia nguvu ya dawa, ambavyo nakiri niliacha kuvitumia kwa kuwa dumu lilitoka kwa mtu wangu, nikachovya cha kwanza, cha pili, cha tatu, hakuna kilichobadilika rangi. Mshauri, ni maji! Maji yaliyotiwa rangi ya kijani!

Nikampigia simu nikilia, akacheka: "Punguza presha, mpenzi. Kwani kuna aliyekufa?" Nikajipa moyo kwamba labda naye kauziwa, labda hajui, lakini jana kanipigia mwenyewe, mama yake anaumwa jino, atamleta wiki ijayo, halafu akashusha sauti: "Ila vifaa vya mama usiviloweke kwenye ile. Vichemshe mwenyewe."

Mama yangu ameshashona nguo ya harusi, daktari hajui kitu, nimemdanganya tu kwamba vifaa vya plastiki vimekwisha. Nifanye nini?

Mwenye Kidole

Dada Mwenye Kidole,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Pole, tena pole ya kweli. Lakini miezi miwili! Watu wanakuachamia vinywa wakikuamini, na vikaratasi vimelala kabatini kwa sababu wewe unapenda? Mapenzi hayaui vijidudu, dada.

Na huyo bwana usimtafutie kisingizio. Angekuwa hajui, angemkalisha mama yake kwenye kile kiti kama wengine. Anajua. Ameshatugawa: mama yake huku, sisi wengine kule.

Sikungoja gazeti litoke, nilikupigia, na wasomaji wajue nilichokuambia. Dumu usilimwage, ni ushahidi. Mpelekee daktari pamoja na vile vikaratasi vitatu, umweleze yote, hata uvivu wako. Daftari la wagonjwa lifunguliwe, kila aliyetibiwa miezi hiyo aitwe akapimwe damu. Dumu liende polisi, na jina la aliyelileta liende nalo. Harusi isimame leo. Yule mama mwenye jino hana kosa, mtibuni kwa heshima, kwa vifaa safi kama vya kila mtu.

Ukaniuliza, "Daktari akinifukuza je?" Akufukuze! Utatafuta kazi nyingine ukiwa unalala usingizi.

Nikamaliza hivi: kesho asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajafungua kinywa, fungua chako.