Kanda Iliyojirudisha Mwanzo

S.L.P. 30417,
Nairobi.
Jumapili, 8 Machi 1998

Mpendwa dada Kavinya,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na salamu nitaogopa kulifikia. Rekodi za wagonjwa wa zahanati yetu hazimo kwenye kanda ya akiba. Nimezifuta mimi mwenyewe, nikidhani ninazihifadhi.

Sasa salamu. U hali gani huko Voi? Mtoto ameacha kukohoa? Sisi hapa Mowlem hatujambo, ila Mama bado yuko kwenye dawa za kifua, mwezi wa nne sasa.

Nilikuandikia kwamba tangu nimalize kidato cha nne ninaingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta ya zahanati ya kanisa. Inaendeshwa na programu iitwayo Linux; fundi Mursal aliiweka, kisha akahamia Garissa. Mashine ya kanda, ya kunakilia rekodi za kompyuta, niliiunganisha mwenyewe, nikajivuna kimoyomoyo.

Jumatatu nilinakili rekodi za watoto, Jumanne kina mama wajawazito, Jumatano wagonjwa wa kifua, yote kwenye kanda moja. Nilidhani ni kama kaseti ninayorekodia kwaya: ukisimamisha, wimbo unaofuata unaanzia hapo hapo. Kumbe kwenye kompyuta mashine ile ina majina mawili. Ukiiita nst0, kanda inabaki iliposimama. Ukiiita st0, inajirudisha mwanzo kila ukimaliza. Mimi niliiita st0. Kila siku ilifuta ya jana.

Wiki mbili zilizopita Bwana Mulama, karani mkuu, aliamuru kadi zote zichomwe. "Kabati letu sasa ni kanda ya Wayua," alisema. "Makaratasi yametosha kulisha panya." Sikuwa nimewahi kuisoma kanda ile hata mara moja, nikasema tungoje kidogo, lakini unaijua sauti yangu. Mzee Maingi, bawabu, alicheka akichochea pipa: "Msichana, sema kwa nguvu, moto hausikii minong'ono!"

Alhamisi hii diski ya kompyuta, inayotunza rekodi zenyewe, ikaanza kugonga ndani, polepole, kama mtu anayebisha mlango. Ijumaa nikaisoma kanda. Ilikuwa na orodha ya likizo za wafanyakazi niliyoinakili mwisho, basi. Nikajaribu kunakili rekodi upya. Diski ikagonga mara saba, skrini ikaganda. Bwana Mulama akaizima. "Iache ipumzike, nayo imechoka kama sisi. Si una kanda?"

Niliitikia ndiyo.

Leo kanisani Bwana Mulama amenisimamisha mbele ya watu, akaisifu kanda yangu, wakanipigia makofi. Mama alilia kwa furaha. Dada, kadi yake nayo ilichomwa. Ile dawa iliyomvimbisha macho hata wakambadilishia nyingine, jina lake limo kwenye diski ile tu. Daktari aliyeijua amehamishwa, na mwisho wa mwezi Mama ataonwa na mgeni. Wewe ndiwe uliyempeleka siku ile. Kama unalikumbuka jina, liandike kwa herufi kubwa unitumie upesi.

Wagonjwa wengine hawana dada wa kumwandikia.

Kesho nitafika kabla ya Bwana Mulama. Diski ikiwaka, nitaandika upya na kusoma kanda yote hadi mwisho. Isipowaka, nitamwambia mwenyewe, kwa nguvu kuliko siku ile ya moto.

Nisalimie shemeji Muthama na umbusu mtoto. Mungu awafunike nyote, wala usiku wenu usiwe na wa kubisha mlango.

Mama akikuandikia habari za makofi, mjibu kwamba umefurahi. Haya mengine, tafadhali, usimwambie mtu, hata shemeji, mpaka niyaseme mimi.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Wayua