Hamira Inayoonja Sumu

Mama yangu, shikamoo. Baridi ya huku Mgwashi imenivalisha masweta mawili na bado meno yanagongana.

Leo nimefika kwa Mama Neema, mkulima ambaye viazi vyake vinanyauka majani yakiwa bado ya kijani. Kabla sijafungua sanduku langu la vifaa, alikata shina moja akalichovya kwenye glasi ya maji. Ute mweupe ukashuka kama uzi wa maziwa. "Mdudu mwenyewe huyo," akasema.

Akaniuliza mimi nafanyaje. Nikamweleza ile kazi unayoichekaga, kwamba nimesoma kote huko nije kuchezea hamira. Bakteria waliomo kwenye ute ule huingiza protini zao kwenye seli za mmea. Sisi tunaifanya hamira itengeneze protini mojawapo ndani yake. Ikigoma kukua, tunajua protini hiyo ina madhara, tunaanza kuichunguza.

Akadakia: "Kumbe mnamwonjesha hamira kwanza!"

Mama, miaka minne nimeshindwa kukueleza, mwenzio kamaliza kwa maneno manne.

Kisha akamimina uji, akanywa funda moja mbele yangu, kama mwenye nyumba anavyotakiwa kumwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu, ndipo akanipa kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Kesho ukikanda unga wa maandazi, usinicheke. Ndugu yake hiyo hamira yako anaonja sumu kwa niaba ya shamba la Mama Neema.

Nakupenda, Mama.
Mwanao